Alama Ishirini

Mwalimu Ndekirwa aliliandika lote ubaoni,
maana vitabu vilikuwa vinne na sisi arobaini na mmoja.
Shairi la Mwingereza aliyezikwa zamani:
mnara wa mfalme kando ya bahari ya baridi,
kengele isiyopigwa ila na upepo,
na mbuzi (mbuzi! tukacheka)
amelala palipokuwa kiti cha enzi.

Mwalimu hakucheka. Alijifuta chaki kwenye suruali.
"Nani atanionyesha mnara huo
bila kutoka nje ya geti la shule?"

Tukatazama dirishani. Dirisha halina kioo,
kwa hiyo tulitazama vizuri.

Ng'ambo ya uwanja, maabara
isiyo na paa tangu nikiwa darasa la tatu.
Siku ile tulipangwa foleni saa moja asubuhi,
vibendera vya karatasi, soksi za kuazima,
mvua ya masika ikishuka kutoka Kibosho bila haraka.
Mheshimiwa alifika saa tisa.
Akavuta pazia la satini, likakwama,
akavuta tena, likaanguka lote. Tukapiga makofi.
JIWE HILI LA MSINGI LIMEWEKWA NA MHESHIMIWA
na jina lake, herufi za shaba,
kila moja na misumari yake miwili.

Siku hizi ndani ya maabara imeota migomba.
Mama Ndeonasia wa jikoni hukata majani humo
ya kufunikia sufuria la makande.
Herufi zimebaki sita. Nyingine ni matundu.
Zilikwenda Kiborloni kwa wanunuzi wa skrepa,
zikapimwa pamoja na koki mbovu.

Nakiri hapa, maana kwenye mtihani sikuandika:
ile H ya Mheshimiwa niliing'oa mimi.
Kidato cha pili, kwa kijiko.
Nilipewa shilingi mia nane,
nikanunua daftari, na chumvi ya nyumbani.
Habari za wafalme sikuziwaza.

Usiku, nikijisomea, nikajaribu kulitia vina,
mizani nane kwa nane:

*Mnara ulotukuka, sasa wavuma upepo,
Mlinzi ameondoka, wala amri haipo,
Kengele yasikitika, na mpigaji hayupo,*

Mstari wa nne ukagoma.
Nililikodolea macho lile *hayupo*
mpaka taa ikaanza kunuka.

Maana yupo.
Nilimwona Jumanne KCMC, dirisha la dawa,
na kikaratasi cha namba sabini na nne,
kamba za viatu zimelegezwa, miguu imevimba.
Hakuna aliyeinuka.
Redio ya mlinzi ilikuwa inasoma matokeo ya mpira.
"Binti, wameita ngapi?"
"Hamsini na mbili, mzee."
Mama yangu, ambaye kwa ajili ya satini ile
alichangishwa debe zima la mahindi,
alimtazama muda mrefu, kama mtu anayehesabu chenji,
kisha akasogea kwenye benchi.
Si kwa ajili ya cheo. Kwa ajili ya magoti.

Tukakaa watatu. Sakafu ilinuka dawa.
Aliniuliza nasoma wapi. Nikamwambia.
"Ah," akasema, "pale kuna maabara yangu."
Nikameza mate. H ilikuwa kooni.
"Ipo, mzee," nikasema.
Na kweli, migomba ile inazaa.

*Eleza dhamira kuu ya shairi. Alama ishirini.*
Niliandika kama wenzangu wote: madaraka hayadumu.
Nikapata kumi na moja, na pembeni, wino mwekundu:
*Aikande, mfano uko wapi?*

Mwalimu, mfano ulikuwa namba sabini na nne.
Ulipoitwa uliinuka kwa awamu mbili,
ukaenda dirishani ukishika ukuta,
na kofia yake ikabaki kwenye benchi
ina joto bado.
Nikamkimbilia nayo.